Kabla ya kilo ya misumari, tengeneza kijiti

Mvua zimekatika, mahindi yanakauka shambani, na kila kijiji ninachopita, iwe upande wa Laela au wa Matai, nasikia nyundo. Watu wanatengeneza chaga za kupangia magunia. Wengine wanainua mabanda ya mbuzi yenye sakafu ya mbao. Ni jambo jema na wakati wake ndio huu.

Leo sitazungumzia mbegu wala mbolea. Nataka kusema jambo moja kuhusu misumari, na najua baadhi ya mafundi hawatalipenda. Usikubali sakafu yako ipigiliwe kwa kukadiria kwa macho. Kabla hujatoa hela ya misumari, tengeneza kijiti cha kipimo, na kijiti hicho kibaki mkononi mwako wewe mwenye mali.

Nina sababu. Mwaka mmoja nilimshauri mfugaji ainue banda la mbuzi wake. Fundi alikuwa mzoefu, alianza asubuhi na mapengo ya mwanzo yalikaa vizuri sana. Mchana akachoka, jioni akawa anakimbizana na jua. Mapengo ya mwisho yalikuwa yanaingiza vidole viwili upande mmoja na kidole kimoja upande wa pili. Kitoto cha mbuzi kikaingiza mguu, mama yake akakisukuma, mguu ukavunjika. Mfugaji hakumlaumu fundi. Aliniuliza mimi: "Bwana shamba, pengo lilitakiwa liwe kiasi gani?" Nikagundua kwamba nilimwambia ainue banda, lakini sikumpa kipimo. Hata kama angekwenda kukagua kazi, angekagua kwa kutumia nini?

Tunakataa lumbesa, tunakubali jicho la fundi

Fikiria unavyouza mahindi. Mnunuzi akija na gunia la lumbesa na kukuambia "hii ni kilo mia tu", utamkatalia. Utadai mizani, na sheria iko upande wako. Wakala wa Vipimo wapo kwa kazi hiyo. Ukipeleka mahindi NFRA, hawaumi punje kwa meno na kusema yamekauka. Wanapima unyevu kwa kifaa, nao usizidi asilimia 13.5.

Lakini mtu huyo huyo anayekataa kukadiriwa mahindi yake anakwenda kununua mbao, boriti na misumari kwa fedha za msimu mzima, kisha anakubali kila pengo na kila msumari ukadiriwe. Wazee walisema mali bila daftari huisha bila habari. Nami nasema sakafu bila kijiti huharibika bila habari, na utakuja kujua Februari, mvua ikiwa imeshiba.

Hasara yake si ndogo. Gunia lililolala kwenye sakafu ya udongo, au kwenye chaga iliyobonyea hadi kugusa chini, hunyonya unyevu. Mahindi yenye unyevu huota ukungu, na ukungu huleta sumukuvu. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara kulikuwa na watu waliopoteza maisha kwa kula chakula chenye sumukuvu. Chaga iliyokaa sawa ni sehemu ya kinga.

Kosa dogo linavyokua

Chukua chaga ya urefu wa mita 3 na sentimita 4 na upana wa mita 2. Unatumia mbao za inchi 1 kwa 6, yaani upana wa sentimita 15, na unaacha pengo la sentimita 2. Utahitaji mbao 18 na kutakuwa na mapengo 17. Sasa fundi akizidisha milimita 3 tu kwenye kila pengo, unene wa sarafu moja au mbili, akifika ubao wa mwisho atakuwa amezidi sentimita 5. Ubao wa mwisho utaning'inia nje ya boriti au utachanwa. Akizidisha upande mmoja tu, mbao zote zitakaa mshazari.

Kwa nini asitumie futi kamba? Atumie, lakini haitoshi. Mbao zetu nyingi zimepasuliwa kwa msumeno wa mnyororo. Ubao unaoitwa wa inchi 6 unaweza kuwa na sentimita 15 huku na 14 kule. Futi kamba inakupa jumla. Kijiti kinakaa kati ya ubao na ubao na kukupa pengo lenyewe.

Vifaa vitatu, karibu bure

*Cha kwanza ni vijiti vya pengo.* Tengeneza viwili vinavyolingana unene, kimoja kwa kila mwisho wa ubao. Kwa chaga ya magunia sentimita 2 zinatosha kupitisha hewa bila gunia kubonyea. Kwa banda la mbuzi lenga sentimita 1 na nusu: likiwa dogo sana samadi haipiti, sakafu inalowa na kwato zinaoza, likiwa kubwa, miguu ya watoto inaingia. Kisha tengeneza kijiti cha tatu kilicho kinene zaidi kwa milimita 3. Hiki nakiita kijiti cha kukataa, na kazi yake nitaieleza.

*Cha pili ni kibao cha tundu.* Chukua kipande cha ubao cha urefu wa kiganja. Pigilia kijipande chembamba pembeni kwa chini, ili kikae kama mdomo unaoshika ukingo wa ubao. Mdomo huo uwe mwembamba kuliko pengo lako. Toboa tundu moja, sentimita 3 kutoka kwenye mdomo. Ukikiegesha kwenye ukingo wa ubao na kuchoma alama kupitia tundu, unajua msumari hautakuwa karibu mno na ukingo. Kigeuze, fanya hivyo upande wa pili. Kwa mbao nyembamba za inchi 3, zinazofaa zaidi kwa mbuzi, tundu liwe sentimita 2 kutoka kwenye mdomo.

*Cha tatu ni uzi wa mkaa.* Funga kwanza kila ubao kwa msumari mmoja kila mwisho, vijiti vikiwa kwenye pengo. Mbao zote zikishakaa, pakaa uzi unga wa mkaa, uvute juu ya katikati ya kila boriti, uunyanyue na kuuachia. Utapata mstari mweusi ulionyooka juu ya mbao zote, na msumari utakaoufuata hautaikosa boriti. Boriti ya 2 kwa 4 iliyosimamishwa ina unene wa sentimita 5 tu. Bila mstari, misumari mingi hutokea hewani. Mafundi wengine hutumia unga mweusi wa betri iliyokufa. Usikubali. Una kemikali zisizofaa kukaa karibu na chakula. Mkaa unatosha.

Msumari mkubwa si dawa

Wengi mnaamini sakafu ikilegea, suluhisho ni msumari mrefu zaidi. Sikubaliani. Kwa ubao wa inchi 1, msumari wa inchi 2 na nusu hadi 3 unatosha, maana sehemu kubwa yake inaingia kwenye boriti. Wa inchi 4 ni mnene, unapasua ubao, na kwenye kilo moja unapata michache. Ubao ukipasuka, fundi anaongeza msumari wa tatu pembeni, nao unapasua tena. Mwisho umenunua misumari mingi na bado sakafu inacheza.

Kwenye chaga yetu ya mfano, boriti 6 zikiwa na nafasi isiyozidi sentimita 40 katikati hadi katikati, mbao 18 zenye misumari miwili kila boriti zinahitaji misumari 216. Ongeza michache ya kupinda na kupotea. Unaweza kuhesabu kabla ya kwenda dukani, ukajua unachonunua.

Mwishoni mwa ubao ndipo panapopasuka zaidi. Acha ubao uzidi boriti ya pembeni kwa sentimita 5 ili msumari usiwe kwenye ncha. Kama huna nafasi hiyo, toboa kwanza tundu jembamba kuliko msumari. Huna keekee? Gonga ncha ya msumari kidogo kwa nyundo iwe butu. Ncha kali huzitanua nyuzi za mbao kama kabari. Ncha butu huzikata.

Mbao mbichi zinadanganya kijiti

Hapa nawatetea mafundi. Wakati mwingine fundi amepima vizuri, lakini mwenye mali ameleta mbao mbichi. Kiangazi cha Ufipa kina jua, baridi na upepo mkavu. Ubao wa paini wa sentimita 15 ulioletwa ukiwa mbichi unaweza kupungua kwa nusu sentimita au zaidi ukikauka, na kila kinachopungua kwenye ubao kinaongezeka kwenye pengo. Pengo la sentimita 1 na nusu ulilolipima Juni linaweza kuwa la sentimita 2 au zaidi ifikapo Septemba, na banda lako limekuwa mtego.

Kwa hiyo nunua mapema, panga mbao kivulini ukiweka fito kati ya safu na safu hewa ipite, uziache wiki kadhaa. Kama huwezi kusubiri, kwa banda la mbuzi tumia mbao za inchi 3 na anza na kijiti cha sentimita 1. Ubao mwembamba hupungua kidogo, na pengo litafika linapotakiwa.

Wanavyosema mafundi

Fundi atakuambia, "Nimejenga miaka ishirini, jicho langu ndilo kipimo." Mheshimu. Lakini jicho la saa mbili asubuhi si jicho la saa kumi na mbili jioni, na kijiti hakichoki. Atasema pia kinamchelewesha. Mbao tatu za kwanza, ndiyo. Baada ya hapo anaweka, anasukuma, anapigilia, bila kurudi nyuma na kufungua futi kila mara.

Ukweli ni kwamba haraka hii mara nyingi tunaisababisha sisi wenyewe. Tunapatana na fundi kwa kazi nzima, kwa bei ya kumkandamiza, naye anakimbilia kwingine apate chakula cha watoto. Basi mpe bei ya haki na masharti ya haki. Patana mapema, mbele ya shahidi, kwamba sehemu ya mwisho ya malipo utaitoa baada ya kukagua kwa vijiti.

Ukaguzi ni huu. Pitisha kijiti cha pengo kwenye kila pengo, mwanzo, katikati na mwisho, kipite. Kisha jaribu kijiti cha kukataa, kisipite. Kikipita mahali, fundi anarekebisha hapo. Hakuna kubishana wala kuvunjiana heshima, na huhitaji kuwa fundi. Mama anayefuga mbuzi watano anaweza kukagua kazi ya fundi yeyote wa Sumbawanga akiwa na vipande viwili vya mti mkononi. Hii ndiyo sababu yangu kubwa ya kuandika leo: kijiti kinamsaidia fundi, lakini kinamsaidia zaidi asiye fundi.

Pale ambapo usijisumbue

Sisemi kila kitu kipimwe. Kichanja cha miti na kamba cha kuanikia mahindi ya magunzi kwa wiki chache kijenge upesi na ukibomoe. Magunzi hayapenyi kirahisi. Lakini kama unataka sakafu ya ghala la kumwaga mahindi yaliyopukuchuliwa, hiyo haitaki pengo kabisa: tumia mbao kavu zilizobanana. Kijiti ni cha sakafu yenye mapengo, inayobeba uzito na kukaa miaka.

Na wewe mwenye duka la vifaa kijijini, mteja akija kuomba "misumari kilo mbili ya nchi nne", muulize anajenga nini na ubao una unene gani. Ukimwuzia ya inchi 3 inayofaa, utapata kidogo leo, lakini mwakani atarudi kwako. Vipande vya mbao vinavyobaki dukani vikate viwe vijiti vya sentimita 1, 1 na nusu, na 2, umpe bure na misumari yake.

Jioni ya leo, kabla ya kulala, chukua kisu na kipande cha mti ukatengeneze vijiti vyako vitatu. Andika kipimo juu ya kila kimoja. Fundi akija kesho, mkabidhi viwili. Cha kukataa kiweke mfukoni.