Kabla ya kununua mche, uliza unahitaji baridi kiasi gani

Wengi wetu tuliotoka uhamishoni tulirudi na mazoea ya kule. Aliyeishi Uingereza amezoea blakikaranti, yale matunda madogo meusi ambayo wengine tunayajua kwa juisi ya chupa tu. Si ajabu basi kumsikia mtu hapa Nateete akisema ataagiza miche yake, kwa kuwa sokoni hana mshindani. Ndugu zangu, kabla ya kutoa akiba ya miaka mingi, tusikilizane kidogo.

Wauza miche wa Ulaya husifu aina inayovumilia baridi kali. Kwao hiyo ni sifa kubwa. Aina ya Ben Lomond, iliyotolewa Scotland mwaka 1975, huchelewa kuchanua, hivyo maua yake huponea jalidi. Lakini sisi jalidi tunaitoa wapi?

Tena, mmea huo hauvumilii baridi tu, bali huihitaji. Hulala majira ya baridi, na hauamki vizuri bila kupata zaidi ya saa 1,000 za baridi ya nyuzi 7 hivi au chini yake. Kampala, hata alfajiri ya Julai, haifiki huko. Mche utatoa majani, mwenyewe atafurahi, lakini matunda atayasubiri sana.

Tujifunze kwa wakulima wa Kabale. Wanapopanda matufaha, yaani maepo, hawachukui aina yoyote ya Ulaya. Hupanda zinazoridhika na baridi kidogo: Anna, iliyotoka Israel, na Golden Dorset, iliyotoka Bahamas. Huzipanda pamoja ili zichavushane, na baada ya mavuno huondoa majani kwa mkono ili mti uchipue na kuchanua upya. Hiyo ni elimu, si bahati.

Nanyi mnaovusha miche Katuna, Mutukula na Busia, hili linawahusu. Mche usio na jina ni kama dawa isiyo na karatasi. Mwambieni mteja jina la aina, ilikotoka, na aina ya kuichavusha. Chukueni pia cheti cha afya ya mimea, maana ugonjwa haugongi muhuri mpakani. Mnyauko wa migomba ulioonekana Uganda mwaka 2001 ulienea pia kwa machipukizi yaliyobebwa kutoka shamba hadi shamba.

Mimi ni mwalimu, na nilisomea uhamishoni. Najua mtoto huizoea nchi mpya upesi: lugha yake, chakula chake, hata baridi yake. Mti hauna shule hiyo. Anayetamani matunda ya nchi za baridi na aanzie kituo cha utafiti wa kilimo cha Kachwekano, karibu na mji wa Kabale. Barabara ya Masaka, inayopita hapa hapa Nateete, ndiyo ya kwendea huko. Nauli ya basi ni ndogo kuliko hasara ya shamba la majani matupu.