Je, Bustani ya Wanyama ni Gereza au Shule?



Katika mdahalo wa muhula uliopita, ndugu mmoja alisema kwamba bustani ya wanyama ni gereza, na kwamba fedha za safari ya Entebbe afadhali zinunue mipira. Wengi walimpigia makofi. Mimi sikupata nafasi ya kumjibu, basi namjibu hapa.

Kwanza naungama kosa langu. Kwetu ni Busia, karibu na vinamasi vya Sio-Siteko, ambavyo viko Uganda na Kenya pia. Nilipokuwa na umri wa miaka tisa nilitwaa kinda la korongo mwenye taji, nikalifunga kamba mguuni. Nyumbani walicheka, wala hakuna aliyenikemea. Siku ya nne likafa, nami nikaenda kutafuta jingine. Je, nilikuwa mkatili? La, nilikuwa mjinga tu. Korongo nilimwona kila siku katika bendera ya Uganda, lakini habari zake sikuzijua.

Habari hizo nilizipata Entebbe mwaka jana. Mahali pale palianzishwa mwaka 1952 pawe makao ya wanyama yatima na waliojeruhiwa, na mwaka 1994 pakafanywa mahali pa mafunzo. Mtunzaji alitusimamisha mbele ya korongo, akatueleza kwamba ndege huyu hutaga mayai machache tu, katika majani ya kinamasi. Kinamasi kikikaushwa, hana pa kutaga. Tangu mwaka 2012 amehesabiwa miongoni mwa viumbe walio katika hatari ya kutoweka duniani. Nilinyamaza kimya, maana niliikumbuka ile kamba.

Tena tuwakumbuke vifaru. Wa Uganda waliwindwa hata wakaisha kabisa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 2001 wawili waliletwa Entebbe kutoka Kenya, na watoto wa Uganda wakaona kwa macho yao kile ambacho baba zao walikipoteza. Mtu hawezi kumhurumia asiyemjua.

Hata hivyo, ndugu yetu hakukosa yote. Katika safari ile wenzetu wengine waliwatupia nyani njugu, wakapiga picha, wakalala garini mpaka Tororo. Kwao mahali pale palikuwa gereza la kuchungulia tu. Tena tuliokwenda tulikuwa wakubwa wenye nauli, watu tuliokwisha kufanya makosa yetu zamani.

Kwa hiyo nashauri mambo mawili. La kwanza, wapelekwe wadogo wa darasa la kwanza, na wazee wetu waliosoma hapa watusaidie nauli. La pili, kila aendaye akirudi aende akafundishe katika shule ya msingi ya kwao, upande wowote wa mpaka. Korongo hana pasi: akilindwa Tororo na kuibiwa mayai Busia, amelindwa bure.

Mimi nilianza likizo iliyopita. Nilipomaliza kusema, mtoto mmoja alinifuata nje akaniuliza, "Kaka, kama kinda liko nyumbani tayari, nifanye nini?" Jioni ileile tulikwenda pamoja kinamasini, tukalirudisha.

Ndimi ndugu yenu,
Mwanafunzi wa mwaka wa sita