Kutoka si usaliti

Vijana wenzetu wa Goma, Bukavu, Bunia na kwingine, muko wengi wenye kufanya karate, judo ama taekwondo. Ni muzuri: mwili unakomaa, nidhamu inaingia. Lakini kuna mwalimu wa kukomaza watu, na kuna mwalimu wa kufunga watu.

Kule Chicago, Marekani, kulikuwa shule yenye jina Chung Moo Quan. Ilijisifu kama inafundisha sanaa nane za kupigana kwa pamoja. Mwaka 1989 televisheni ya pale ilipasha ushuhuda wa wale walikuwa wametoka. Ilianzaka polepole: leo unalipa ya mwezi, kesho mkataba wa maelfu ya dola. Kisha shule inakula siku zako zote, jamaa na marafiki wanabaki inje.

Miaka ya 1990, mwanzilishi na walimu wake kadhaa walipatikana na hatia mbele ya tribinali juu ya kukwepa kodi. Shule ikabadilisha jina, ikaendelea.

Sisi tunasema wazi: kuheshimu mwalimu, ndiyo, kumuabudu, hapana. Jiulize: naweza uliza makuta yangu inaenda wapi? Naweza kosa mazoezi juu mama ni mugonjwa, bila kutishwa? Kama jibu ni hapana, toka. Mukanda haujafungwa kwa mudomo.

Na wewe mwenye kubaki ndani, usimuite mwenzako muoga. Mupigie simu. Pengine yeye njo alikuwa na nguvu kuliko wote.