Barua ya Wazi kwa Mwenye Dhamana ya Dawa za Saratani

Mheshimiwa,

Nakuandikia kutoka kisiwa cha Kiwayu. Jina lako na jina la hospitali unayoisimamia nimeyasitiri, kwa kuwa nadai haki wala sitafuti kumtahayarisha mtu. Wewe mwenyewe utajitambua.

Hivi majuzi ulisimama mbele yetu ukatupa bishara kwamba tiba ya saratani ya kibofu i karibu kugeuka, kwani wataalamu wanatengeneza vichukuzi vidogo mno vya dawa ya kemo, vya kuifikisha na kuikalisha ndani ya kibofu chenyewe. Siyakanushi maneno hayo. Nimeyasoma kwa bidii ya mtu ambaye ndugu yake wa tumbo moja amepoteza kibofu. Ninalolalamikia ni kwamba uliyatamka bila ya kutaja kuwa dawa ya zamani, hii itiwayo kwa mpira wa mkojo, haikuwako ghalani mwako alipoihitaji ndugu yangu, na kwa kukosekana kwake kibofu kikaondolewa.

Saratani ikiwa ingali katika bitana ya kibofu, haijaingia kwenye msuli, daktari huikwangua kwa chombo kipitishwacho njia ya mkojo, kisha mgonjwa hutiwa dawa mara moja kwa wiki, aghalabu wiki sita mfululizo. Dozi ya kwanza ndugu yangu aliipata, nami nilikuwapo: maji ya rangi ya zambarau ndani ya bomba la sindano, muuguzi akiyasukuma taratibu, kisha akaubana mpira, na mgonjwa akaamriwa ageuke ubavu huu na ubavu huu ili dawa ienee kila pembe, huku akiizuia haja yake. Wiki ya pili tuliambiwa dawa imekwisha. Wiki iliyofuata tukaambiwa i njiani. Kila mara tulikuwa tumekwisha kungoja maji yajae tupite mkondo wa Mkanda kwa motaboti, tumevuka Mokowe, tumepanda basi la kutwa kupitia Witu na Garsen, na hapana hata mmoja katika watumishi wako aliyeinua simu kutuambia tusije. Uvimbe haukungoja. Ulirudi, ukaingia kwenye msuli, na hapo mpasuaji hakuwa na hiari ila kukiondoa kibofu.

Nataka uelewe maana ya neno hilo, kibofu kuondolewa. Ndugu yangu alikuwa muadhini wetu. Leo ana mfuko wa mkojo ubavuni, hatawadhi ila wakati wa sala uwe umeingia, na kila faradhi ina udhu wake. Husimama safu ya mwisho, karibu na mlango, akiushika ule mfuko juu ya kanzu kila ainamapo, kwa hofu usije ukavuja katika nyumba ya Mwenyezi Mungu. Mashua yake imeuzwa. Binti yake ameacha shule. Hayo nayataja upesi, maana mashua hununuliwa nyingine na shule hurudiwa, lakini kibofu hakirudi.

Sasa nije kwenye bishara yako. Taabu ya tiba hii ni mkojo wenyewe: figo hazikomi kuuteremsha, nao huizimua dawa, ukuta wa kibofu nao umeumbwa usifyonze kilichomo ndani yake, na mgonjwa aendapo haja, sehemu kubwa ya dawa humtoka. Ndiyo sababu wataalamu wakabuni chembe zinazopimwa kwa nanomita, ambayo ni sehemu moja ya milioni ya milimita, zenye kushikamana na ute wa ukuta ule na kuiachia dawa kidogo kidogo. Baadhi yake hutengenezwa kwa kitosani, kitu kipatikanacho katika magamba ya kaa na kamba, magamba yale yale ambayo sisi huyatupa ufukweni. Huko Barcelona, mwaka 2024, walitangaza chembe zinazojisukuma kwa nguvu ya urea iliyomo katika mkojo. Hizo zilibeba iodini yenye mnururisho, si kemo, na kwa dozi moja zikapunguza uvimbe wa panya kwa kiasi cha asilimia 90. Ni panya, bado si binadamu, na ilikupasa kutuambia hivyo.

Hata hivyo, mimi nazitaka chembe hizo pengine kuliko wewe, maana dawa ikikaa zaidi kibofuni huenda dozi zikapungua. Akaaye jirani na hospitali, dozi zikipungua, amepumzishwa kidogo. Mtu wa Kiwayu dozi zikipungua amebakiziwa kibofu chake. Kwa hiyo itakapofika siku ya kuzijaribu kwa watu katika nchi hii, insafu ni kwamba watu wa visiwani wasiwe wa mwisho kuitwa. Lakini chembe ulizotubashiria si dawa, Mheshimiwa. Huchukua dawa, nayo ni ya jinsi ile ile iliyokosekana rafuni mwako wiki baada ya wiki.

Tangu 2013 mambo ya afya yamegawanywa baina ya serikali kuu na kaunti, na tuulizapo dawa sisi hutumwa mlango hadi mlango, kila ofisi ikilitaja jina la nyingine. Na kabla ya dawa kuna kupimwa: huku kwetu pwani ya kaskazini mkojo wa damu watu huuita kichocho, wakanyamaza nao miaka, ijapokuwa tangu 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limekitaja kichocho chenyewe kuwa ni chanzo cha saratani ya kibofu. Nani katika idara yako amekuja kutupima?

Jirani yetu mmoja ameandikiwa tiba ile ile, hospitali ile ile. Saratani yake ingali katika bitana. Nataka dozi zake zote sita ziwekwe kando kwa jina lake kabla hajatiwa ya kwanza, na nataka jibu lako kwa maandishi, lenye tarehe, litufikie kabla kusi haijaanza kuchafua bahari.

Ni mimi, mwalimu mstaafu,
Kiwayu