Injini Inayomisi Baada ya Kutoa Platini: Madai Sita Yasiyosimama

Land Rover Series III, zilizotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, bado zinafanya kazi mashambani, kwenye hifadhi za wanyama na mikononi mwa watu wanaozienzi. Nyingi kati ya zile zenye injini ya petroli ya lita 2.25 zimetolewa platini na kondensa, na mahali pake ndani ya distributa pamefungwa moduli ya kielektroniki inayosoma sumaku inayozunguka. Hatua hiyo naiunga mkono: kazi ya kusugua platini na kupima mwanya wake kila mara inakwisha. Lakini gari likitoka gereji likimisi, kila aliye karibu ana jibu, na mwenye gari hujikuta ananunua koili, kisha plagi, kisha kabureta, bila kitu hata kimoja kupimwa. Yafuatayo ni madai sita yanayowamaliza watu fedha, na majibu yake.

Dai la 1: "Kabla ya kufunga haikumisi, basi kifaa kipya ni kibovu."

Siku ya kufunga haikuguswa moduli peke yake. Kifuniko cha distributa kilifunguliwa, rota ikatolewa, na huenda waya za plagi zilichomolewa. Injini hii huwaka kwa mpangilio wa 1-3-4-2. Waya mbili zikipishana, silinda mbili zinapata cheche wakati usio wake. Pete ya sumaku isiyokandamizwa hadi chini huinua rota mpaka ikagusa kifuniko. Waya za moduli zikivutwa sana hunyongwa kila sahani ya ndani inaposogezwa na vakyumu, nazo hukatika taratibu.

Kuna ushahidi mwingine mzito zaidi. Moduli ni moja, nayo inazihudumia silinda zote nne. Ikiyumba, zote huyumba. Inapomisi silinda moja ileile muda wote, tafuta kwanza plagi yake, waya wake, sehemu yake ya kifuniko, au valvu zake.

Kuijua silinda hiyo si kazi ngumu. Zima injini, chomoa waya wa plagi moja, uchomeke kwenye plagi ya akiba iliyofungwa vizuri kwenye chuma cha injini, kisha washa kwa muda mfupi. Mngurumo ukishuka, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Usiposhuka, umempata mgonjwa. Hamishia plagi yake silinda nyingine; ugonjwa ukihama nayo, plagi ndiyo mbovu. Usipohama, jaribu waya, kisha pima kompresheni na mwanya wa tapeti, ambao kwa injini hii ni milimita 0.25. Usiache kamwe waya wa plagi ukining'inia injini ikiwaka: umeme utatafuta njia kupitia koili, moduli au mkono wako.

Dai la 2: "Cheche naiona kwa macho, umeme ni mzima."

Cheche inayoonekana nje ya silinda inaruka kwenye hewa ya kawaida. Ndani ya silinda mchanganyiko hubanwa takriban mara 7 au 8, kutegemea injini, na hewa iliyobanwa hudai volti nyingi zaidi ili cheche iruke. Ndiyo maana gari linaweza kunguruma vizuri likiwa limesimama, kisha likaanza kukatakata mlimani: ukikanyaga mafuta hadi mwisho, silinda hujaa na mgandamizo huongezeka.

Umeme ukishindwa kuruka kwenye plagi, hupenya mahali dhaifu. Rota za bei nafuu zina sifa mbaya hapo, kwa sababu cheche hupita ndani ya plastiki yake hadi kwenye mhimili. Kifuniko chenye ufa mwembamba au mstari mweusi wa kaboni hufanya vivyo hivyo. Fungua boneti usiku penye giza, injini ikiwaka, utazame bila kugusa. Umeme unaovuja nje utauona. Na waliokushauri kupanua mwanya wa plagi eti kwa sababu mfumo ni mpya, waambie mwanya mpana hudai volti zaidi. Anza na ule wa kiwandani, milimita 0.75 hadi 0.80.

Dai la 3: "Koili yoyote inafaa, na kubwa ndiyo bora."

Hili ndilo dai linaloua moduli nyingi. Koili ya kawaida ya volti 12 ina ukinzani wa takriban omu 3 kwenye mzunguko wake mdogo, kwa hiyo hupitisha ampea 4. Koili iliyokusudiwa kutumika pamoja na rezista ya balasti huwa na takriban omu 1.5. Ukiifunga bila balasti yake, ampea zinafika 8, na joto linalofuata hudhoofisha koili na moduli pamoja. Dalili yake ni gari kwenda vizuri likiwa baridi, kumisi likishika moto, kisha kupona likipoa.

Kosa la upande wa pili ni kuipa moduli umeme uliokwisha kupita kwenye balasti. Moduli nyingi za aina hii zinataka volti 12 kamili kutoka swichi. Koili ndiyo inayobaki nyuma ya balasti. Chukua mita, pima volti kwenye waya wa moduli injini ikiwaka, kisha linganisha na betri. Tofauti ikiwa kubwa, angalia swichi kuukuu, viunganishi vyenye kutu na ethi ya distributa.

Dai la 4: "Waya za plagi za shaba tupu hupitisha cheche vizuri zaidi."

Kwa platini hazikuwa na tatizo. Kwa moduli, waya usio na ukinzani hutoa mawimbi makali ya umeme yanayoweza kuichanganya, ikakata koili wakati usiofaa. Hapo injini humisi ovyo, leo hivi, kesho vile. Tumia waya zenye ukinzani, na zipitishe mbali na waya za moduli.

Dai la 5: "Mfumo wa kielektroniki hauhitaji taimingi."

Hauhitaji kurekebishwa mara kwa mara, kwa kuwa hakuna platini zinazolika. Lakini siku ya kufunga ni lazima. Sehemu ambapo sumaku huiamsha moduli si lazima ilingane na pale platini zilipokuwa zikifunguka. Weka taimingi kwa taa yake, ukaze distributa, kisha uhakikishe cheche inatangulia injini inapoongeza kasi. Springi na vizito vilivyoshika kutu havitibiwi na moduli mpya.

Dai la 6: "Umeme umebadilishwa wote, basi lililobaki ni kabureta."

Kabla ya kuifungua, vuta choki kidogo. Injini ikitulia, inapata petroli pungufu au inavuta hewa mahali fulani. Kagua gasketi ya manifoldi na mpira wa vakyumu. Isipobadilika, rudi kwenye vipimo vya juu.

Mwenye gari, usitupe platini na kondensa zako nzima. Zihifadhi kwenye sanduku la spana. Siku injini itakapomisi na vipimo visikupe jibu, zirudishe, weka taimingi, uendeshe. Ikiendelea kumisi, moduli haina hatia, na hakuna sababu ya kununua nyingine. Ikipona, chunguza umeme unaoilisha moduli, koili na waya kabla ya kuihukumu. Fundi anayekutaka ununue kabla hajapima, mwombe kwanza achukue mita.