Ulaya Bado Inapika Chuma kwa Makaa

Tarehe 30 Septemba 2024 Uingereza ilifunga mtambo wake wa mwisho wa umeme wa makaa ya mawe, Ratcliffe-on-Soar. Siku hiyohiyo kampuni ya Tata ilizima tanuri la mwisho la kuyeyushia mawe ya chuma huko Port Talbot, Wales. Tukio la kwanza lilistahili pongezi. La pili linatutia wasiwasi.

Umeme una njia nyingi za kuupata: upepo, jua, maji. Tanuri la chuma lina shida yake. Makaa huokwa kwanza yakawa koki, na koki hiyo, pamoja na kutoa joto, ndiyo inayoondoa oksijeni iliyoshikamana na chuma ndani ya mawe. Kwa njia hiyo tani moja ya chuma hula karibu kilo 770 za makaa na kutoa takriban tani mbili za hewa ukaa.

Port Talbot imeahidiwa tanuri la umeme la kuyeyusha chuma chakavu, lakini ujenzi wake ulianza Julai 2025, matanuri ya zamani yakiwa yamekwishazimwa. Wakati huu wa kusubiri, kiwanda kinaletewa chuma kutoka Uholanzi na India, kilichopikwa kwa makaa yaleyale. Zaidi ya ajira 2,000 zimekwenda, na moshi umehamia kwa wengine. Tanuri jipya lilipaswa kuwaka kwanza, ndipo la zamani lizimwe.

Ujerumani nako mambo yamerudi nyuma. Juni 2025 kampuni ya ArcelorMittal iliachana na mpango wa kugeuza viwanda vyake vya Bremen na Eisenhüttenstadt vitumie haidrojeni na umeme badala ya makaa, ingawa ilikwishaahidiwa ruzuku ya euro bilioni 1.3. Ilisema umeme ni ghali, haidrojeni haipatikani na soko ni baya. Hayo ni kweli. Hata hivyo, huko Luleå, Sweden, kampuni ya SSAB na wenzake walitoa chuma kwa haidrojeni bila makaa mwaka 2021. Ufundi upo, kinachopungua ni umeme wa bei nafuu, na msukumo.

Msukumo huo Umoja wa Ulaya unao mkononi. Tangu Januari 2026 unatoza kaboni kwenye chuma, saruji, mbolea na alumini zinazoingia kutoka nje, huku viwanda vyake vikiendelea kupewa vibali vya bure vya kuchafua hewa, vitakavyopunguzwa hatua kwa hatua hadi viishe 2034. Ratiba hiyo isisogezwe hata mwaka mmoja. Ulaya haiwezi kumtoza mgeni mlangoni na kuwasamehe wa nyumbani. Umoja huo uvifute vibali hivyo kwa wakati, na fedha ambazo viwanda vitalipa badala yake zijenge mitambo ya umeme safi karibu na matanuri.