Mkunga wa Mto: Abanwe Mvuvi au Mwenye Bwawa?

Mkunga wa maji baridi huzaliwa baharini, hukulia mtoni au ziwani, kisha hurudi baharini kuzaa mara moja tu na kufa. Jamii yake, Anguilla, ina spishi 16 duniani, na 4 kati ya hizo hupanda mito ya Afrika inayomwaga maji katika Bahari ya Hindi: A. mossambica, A. marmorata, A. bicolor na A. bengalensis. Tana, Athi-Galana-Sabaki, Pangani, Wami, Ruvu, Rufiji na Ruvuma yote ni mito ya mikunga. Ziwa Victoria halina mikunga hawa, kwa kuwa maji yake huenda Mediterania kwa njia ya Nile. Kamongo na samaki wengine warefu wa maziwa makuu ni wa jamii nyingine kabisa, na hawana safari ya baharini. Safari hiyo ndiyo inayofanya mkunga awe samaki mgumu kutungiwa sheria. Serikali ikiamua kumlinda, imbane nani kwanza: mvuvi wa ndoana, mnunuzi wa vifaranga, au mwenye bwawa la umeme?

Mikunga wa Afrika Mashariki wanadhaniwa kuzalia katika bahari ya kina kirefu, mashariki ya Madagascar. Hakuna binadamu aliyewahi kushuhudia samaki wa jamii hii akizaa baharini. Mayai huanguliwa kuwa lava bapa zinazobebwa na mikondo hadi pwani, na huko hugeuka vifaranga vyembamba vya sentimita 5 hivi, vyenye mwili unaopitisha mwanga. Usiku wa giza la mwezi, maji ya bamvua yanapojaa, vifaranga hivyo huingia kwenye milango ya mito na kuanza kupanda. Vikiwa bado vidogo huweza kutambaa juu ya mwamba wenye unyevu na kupita kando ya maporomoko ambayo samaki wengine hawayawezi. Wengine huishia kwenye mikoko, wengine hufika mbali sana bara. Huko hula kaa, vyura, wadudu na samaki wadogo, na hukaa miaka mingi, mara nyingi zaidi ya 10. A. marmorata huweza kufikia urefu wa mita 2. Wakati wa kurudi ukifika macho hupanuka, tumbo hung'aa rangi ya fedha, utumbo husinyaa na kula hukoma. Mkunga husubiri mvua kubwa, kisha hushuka na maji ya mafuriko.

Maisha ya namna hii yanapindua hesabu za kawaida za uvuvi. Sheria nyingi za samaki zimejengwa juu ya wazo kwamba mdogo aachwe akue na azae, mkubwa avuliwe baada ya kuacha uzao. Ukubwa wa tundu la wavu hupangwa kwa wazo hilo hilo. Lakini hakuna mkunga hata mmoja aliyemo mtoni au ziwani ambaye amekwisha kuzaa. Kila anayevuliwa, mdogo kwa mkubwa, anakufa kabla ya kuacha uzao. New Zealand imelielewa jambo hili: mvuvi wa biashara haruhusiwi kuchukua mkunga wa chini ya gramu 220, na wa zaidi ya kilo 4 naye hurudishwa majini, kwa sababu huyo ni mama anayekaribia safari yake. Tena, wanaofika juu kabisa ya mto kwa kawaida huwa majike makubwa, wenye mayai yanayohesabika kwa mamilioni. Mto ukizibwa katikati, sehemu inayokatwa ndiyo inayotoa akina mama.

Uvuvi wa mkunga katika mito ya Kenya na Tanzania ni wa kiasi. Huvuliwa usiku kwa ndoana yenye chambo cha minyoo au vipande vya samaki, kwa mgono uliotegwa kwenye mkondo, au huingia katika nyavu zilizokusudiwa kambare na perege. Wengi hawamli kwa sababu ya umbo lake la nyoka. Wanaomla husifu mafuta yake, na hujua kwamba damu yake mbichi ina sumu ambayo moto huiondoa. Katika miaka ya 1950 mtafiti Mwingereza Winifred Frost alichapisha uchunguzi juu ya mikunga wa Kenya, na tangu hapo samaki huyu ameandikwa kidogo mno ukilinganisha na sangara au sato. Hakuna soko kubwa, hakuna kiwanda, hakuna meli. Kumkamata mvuvi wa Kilombero au wa Sabaki mwenye ndoana tano na kumwita adui wa mkunga ni kukosa shabaha. Kitu kimoja tu katika uvuvi huu kinastahili katazo kali: uzio unaoziba upana wote wa mto msimu wa mafuriko, kwa sababu huo hunasa kila mkunga anayeshuka. Uzio lazima uache upenyo wa maji mengi, na vikundi vya wanajamii vya kulinda rasilimali za uvuvi (BMU) vinaweza kusimamia hilo bila kungoja askari kutoka mjini.

Biashara ya vifaranga ni habari nyingine. Sato na kambare hufugwa kwa vifaranga vinavyototolewa kwenye vituo, lakini mkunga hana kituo cha namna hiyo. Wanasayansi wa Japani walifaulu kukamilisha mzunguko wake wa uzazi katika maabara mwaka 2010, ila gharama bado ni kubwa mno kwa biashara. Kwa hiyo karibu kila mkunga anayefugwa mabwawani Asia ya Mashariki alikamatwa porini akiwa kifaranga. Mkunga wa Japani alipopungua, wanunuzi waligeukia Ulaya. Mwaka 2009 mkunga wa Ulaya aliwekwa chini ya udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya spishi zilizo hatarini, na mwishoni mwa 2010 Umoja wa Ulaya ulifunga kabisa kumsafirisha nje ya mipaka yake. Biashara halali ikahamia Marekani na nchi za tropiki, na magendo yakashamiri. Ufilipino ilipiga marufuku kusafirisha vifaranga vya chini ya sentimita 15 mwaka 2012.

Kuna hoja ya kweli upande wa pili. Katika jimbo la Maine, Marekani, ratili moja ya vifaranga imewahi kuuzwa kwa zaidi ya dola 2,000, na kijana wa delta ya Rufiji au wa mlango wa Sabaki ana haki ya kuuliza kwa nini azuiwe kuchuma kitu kinachopita mbele ya nyumba yake. Maine yenyewe haikufunga uvuvi huo. Tangu 2014 kila mvuvi amepewa mgawo wake, na kila mauzo hurekodiwa kwa kadi ya kielektroniki. Lakini bei ya namna hiyo inahitaji mkono mrefu wa serikali. Kanada, nchi yenye askari na maboti ya kutosha, ilishindwa: msimu wa 2023 ulisimamishwa katikati kwa sababu ya uvuvi haramu na vurugu, na msimu wa 2024 haukufunguliwa kabisa. Delta ya Rufiji ina mikono na vijito visivyohesabika ndani ya mikoko, na chombo kinachotosha kukamata vifaranga ni chandarua. Kufungua biashara hiyo kwanza na kutafuta udhibiti baadaye ni kukaribisha yaliyoikumba Ulaya. Katazo la kusafirisha vifaranga nje liandikwe sasa, kabla hakujawa na mtu wa kupoteza riziki kwa kuandikwa kwake.

Hata hivyo katazo hilo peke yake halitaokoa mto uliozibwa, na hapa ndipo uzito wa suala ulipo. Tana ina mabwawa matano ya umeme yanayofuatana: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, la kwanza kujengwa likiwa Kindaruma mwaka 1968 na la mwisho Kiambere mwaka 1988. Pangani una Nyumba ya Mungu, Hale na New Pangani Falls. Rufiji ulikuwa na Mtera na Kidatu juu ya Ruaha Mkuu, lakini sehemu kubwa ya bonde ilibaki wazi hadi Desemba 2022, Bwawa la Julius Nyerere lilipoanza kujazwa maji. Ukuta wake una kimo cha mita 131, na mitambo yake tisa ina uwezo wa megawati 2,115. Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu yote huungana na Rufiji juu ya ukuta huo. Mkunga anayetoka Bahari ya Hindi kwenda Kilombero anakutana nao kabla ya kufika popote pa maana.

Ukuta humdhuru mkunga mara mbili. Kwanza huzuia vifaranga kupanda. Kwenye ukuta mfupi wenye unyevu vichache huweza kujikokota hadi juu, lakini kimo cha mita 100 na zaidi, kinachochomwa na jua, ni mwisho wa safari, na vifaranga hulundikana chini vikiliwa na ndege na samaki wakubwa. Pili, mikunga waliokuwa juu kabla ya bwawa, pamoja na wachache waliofaulu kupanda, wanapotaka kurudi baharini hufuata mkondo wenye nguvu, na mkondo huo huingia kwenye mitambo. Mwili mrefu ni hatari kubwa kati ya mapanga ya turbini. Madhara haya hayaonekani mapema. Mikunga wazee huendelea kuvuliwa juu ya bwawa kwa miaka mingi, watu wakaamini kwamba hali ni njema, kumbe hakuna mtoto nyuma yao. Kwenye Rufiji muda huo unahesabika tangu 2022, na kila msimu wa mvua unaopita unaufupisha.

Dawa inajulikana na si ya gharama ya kutisha. Mkunga hahitaji ngazi ya maji yenye madimbwi kama samaki wanaoruka. Humtosha mteremko wenye brashi au vijiti, unaochuruzika maji kidogo. Katika bwawa la Moses-Saunders juu ya mto St. Lawrence, mpakani mwa Kanada na Marekani, njia ya namna hiyo imekuwapo tangu 1974. Pale ukuta unapokuwa mrefu mno, mteremko mfupi huishia kwenye tangi, na vifaranga hubebwa kwa gari hadi juu. New Zealand hufanya hivyo katika bwawa la Karapiro, mto Waikato. Upande wa kushuka ni mgumu zaidi: panahitajika chujio kwenye mdomo wa mitambo, mfereji wa pembeni, au kupunguza mzunguko wa mitambo usiku wa mafuriko ya kwanza.

Ireland ilichagua njia nyingine inayofaa kutazamwa kwa makini Afrika Mashariki. Mwaka 2009 nchi hiyo ilifunga uvuvi wa biashara wa mkunga. Wakati huo huo shirika lake la umeme, lenye bwawa la Ardnacrusha juu ya mto Shannon tangu 1929, likaanza kugharamia kazi ya kuwanasa mikunga waliopevuka juu ya mabwawa na kuwashusha kwa gari hadi chini, na likawapa kazi hiyo wavuvi wenyewe. Ujuzi wa kujua usiku gani mkunga atashuka, na atapita kona gani ya mto, haukutupwa. Ulihamishwa kutoka kwenye uvuvi kwenda kwenye uokoaji, na anayelipa ni yule anayefaidi kuzibwa kwa mto.

Wapo watakaosema kwamba umeme ni muhimu kuliko samaki asiyekuwa na soko, na kwamba takwimu za mikunga wa huku ni chache mno kuweza kudai gharama. Hoja ya umeme haipingwi, kwani hakuna anayetaka bwawa lizimwe. Hoja ya takwimu inajijibu: tangi la vifaranga chini ya ukuta ndilo kituo bora cha kuwahesabu, kwa kuwa kila kifaranga kinachopanda lazima kifike hapo. Kuhusu thamani, Ulaya nayo iliwahi kuwa na mikunga wengi kiasi cha kutowajali. Leo idadi ya vifaranga vinavyofika katika fukwe za Bahari ya Kaskazini imekaribia asilimia 1 ya ile ya miaka ya 1960 na 1970, na kanuni ya Umoja wa Ulaya ya 2007, inayodai wafike baharini angalau asilimia 40, kwa uzito, ya mikunga waliopevuka ambao wangekuwapo bila athari za binadamu, ilikuja mikunga wakiwa wamekwisha kuanguka. Mikunga wa Afrika Mashariki hawajafika huko, kwa hiyo gharama ya kuwaokoa bado ni ndogo.

Mpangilio unaostahili, basi, uanze na mwenye bwawa, ufuate kwa mnunuzi wa vifaranga, na umguse mvuvi wa ndoana mwisho na kwa upole. Kenya na Tanzania tayari zina sheria za mazingira, ya 1999 na ya 2004, zinazodai tathmini ya athari kabla ya mradi mkubwa. Kinachotakiwa ni sharti la njia ya mkunga, ya kupanda na ya kushuka, liandikwe ndani ya vibali, na kwa mabwawa ya zamani liingizwe vibali vinapofanyiwa mapitio. Bwawa la Thwake juu ya Athi ni mahali pazuri pa kuanzia kwa Kenya. Kwa Tanzania kazi isiyongoja ni Rufiji: shirika la umeme, TANESCO, na Wizara ya Mifugo na Uvuvi ziweke tangi na mteremko chini ya ukuta wa Julius Nyerere, na ziwaajiri wavuvi wa Rufiji na Kilombero kuvibeba vifaranga hadi juu na kuwashusha wakubwa hadi chini, kuanzia masika yajayo.